Damu Iliyotolewa Ni ya Nani?

Watu wa vijiji vya kandokando ya mji wa Likasi, wanapoelezwa habari ya kutoa damu hospitalini, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: damu hiyo yakwenda wapi? Wako watu waliosoma ambao hulicheka swali hilo, wakisema ni la ujinga. Si la ujinga hata kidogo. Ni swali la watu walioona mambo kwa macho yao.

Tangu kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa mwaka 1906, nchi hiyo imetoa mali isiyohesabika. Shaba ilichimbwa, ikasafishwa katika viwanda vya Shituru, ikapakiwa katika magari ya moshi, ikaenda zake. Si mbali na mji, mahali paitwapo Shinkolobwe, palichimbwa urani. Na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ya kuunda mabomu yaliyotupwa juu ya miji ya Hiroshima na Nagasaki mwezi wa Agosti 1945 ilitoka katika shimo hilo. Wale waliobeba mawe yale hawakuambiwa yanakwenda wapi, wala yatafanya nini. Mtu aliyezaliwa katika nchi ya namna hiyo, akiombwa kutoa kitu kilichomo ndani ya mishipa yake, ana haki ya kuuliza kinapelekwa wapi.

Tena kuna habari za batumbula. Tangu wakati wa Wabelgiji wazee wa Katanga wamesimulia juu ya watu wa usiku wanaowakamata wapita njia na kuwapoteza. Na katika pwani ya Bahari ya Hindi watu walisimulia juu ya mumiani, ambao husemwa kwamba hutwaa damu ya watu na kuifanya dawa. Masimulizi hayo, yakichukuliwa kama habari za mambo yaliyotukia, hayakuwa kweli. Lakini hayakuzuka bure. Watu waliohesabiwa kama vyombo vya kazi walijua kwamba wanaliwa, ingawa hawakujua vema kwa njia gani. Mkatekista anayewadharau wazee kwa ajili ya masimulizi hayo hatapata masikio ya kumsikiliza. Afadhali alijibu swali lao, na kulijibu kwa ukweli mtupu.

Na afikiriwe mtu mmoja. Hakuna haja ya kumpa jina, maana ni mfano tu. Lakini watu wa namna yake ni wengi. Ni mkulima, kijiji chake ki karibu na Kapolowe, naye ni mkatekumeni wa mwaka wa pili. Katika mwezi wa Januari, mvua zikinyesha na njia ikiwa matope matupu, mkewe anashikwa na uchungu, anazaa salama, lakini damu haikomi. Anachukuliwa mpaka Likasi. Huko daktari anasema kwamba mwanamke huyu asipoongezewa damu leo hii atakufa. Anawaomba pia jamaa zake watoe damu, kama ilivyo desturi katika hospitali nyingi za Kongo, ili kurudisha katika akiba ile itakayotumika. Mume ananyosha mkono kabla ya wote. Anaitazama damu yake ikiingia katika mfuko, na moyo wake unatulia. Anasema rohoni: damu yangu itamwokoa mke wangu.

Kesho yake anaambiwa kwamba sivyo. Damu yake ni ya kundi B, na ya mkewe ni ya kundi O. Hiyo B ingeweza kumwua. Mkewe ameokolewa na damu ya mtu mwingine, asiyejulikana, iliyokuwamo tayari katika friji. Siku tatu baadaye anasikia neno la pili, baya kuliko la kwanza. Kijana mmoja wa wachimbaji wa madini aliangukiwa na udongo shimoni, akaletwa usiku, akaonekana ni wa kundi B, akapewa damu ya kundi B. Na kijana huyo ni wa ukoo ule uliomnyang'anya baba yake shamba. Hakuna aliyemwambia kwamba ni damu yake, lakini anajua kuhesabu. Anasema, "Nimeibiwa."

Je, ameibiwa?

Kabla ya kumjibu yafaa ijulikane jinsi damu inavyosafiri. Katika mwili wa mtu mzima mna damu kiasi cha lita 5. Mtoaji huombwa mililita 450 hivi, yaani sehemu moja katika kumi au kumi na moja. Maji ya damu hiyo hurudi mwilini kwa siku moja au mbili, mtu akinywa vizuri. Zile chembe nyekundu, ndizo zinazochukua pumzi na kuipeleka katika viungo vyote, hurudi kwa majuma kadhaa, na chuma kilichomo ndani yake hukawia zaidi. Kwa sababu hiyo hawachukui damu ya kila ajaye. Huchagua watu wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wenye uzito usiopungua kilo 50, wenye damu ya kutosha. Mwanamke mwenye mimba hukataliwa, na anayenyonyesha huambiwa angoje. Mkulima anayekula bukari na majani tu kwa miezi mingi, bila nyama wala samaki wala maharagwe, pengine atakataliwa naye pia. Asione haya. Aliyekataliwa hakuhukumiwa, amehurumiwa.

Sindano hutumika kwa mtu mmoja tu, kisha hutupwa. Ndani ya mfuko mna dawa ya kuizuia damu isigande, na habari ya dawa hiyo inastahili kusimuliwa. Hapo zamani waganga walimlaza mtoaji na mgonjwa bega kwa bega, wakaunga mshipa kwa mshipa, kwa sababu damu ikitoka nje huganda upesi kama uji uliopoa. Wagonjwa wengine walipona, wengine walikufa, wala hakuna aliyejua sababu, mpaka mwaka 1901 ambapo Karl Landsteiner, mganga wa Vienna, alipoonyesha kwamba damu za wanadamu si za aina moja. Ndipo mwaka 1914 mganga Mbelgiji, Albert Hustin, mjini Brussels, akampa mgonjwa damu iliyotiwa chumvi iitwayo sitrati, nayo haikuganda. Baadaye wengine wakavumbua jinsi ya kuihifadhi katika baridi. Tangu hapo mtoaji na mgonjwa hawakulazimika tena kuonana. Mmoja aweza kutoa Jumatatu na kurudi shambani. Mwingine akaipokea mwezi ujao, naye hajui ilikotoka. Chumvi kidogo iliwatenga watu wawili waliokuwa wamelazwa bega kwa bega. Na swali la yule mkulima lilizaliwa siku ile ile.

Damu ikiisha kutolewa hupimwa kwanza kundi lake. Kisha huchunguzwa kama ina virusi vya sida, au vya yale magonjwa mawili ya ini yaitwayo hepatiti B na hepatiti C, au kaswende. Ikionekana na ugonjwa mmojawapo hutupwa kwa uangalifu. Ikiwa safi huwekwa katika friji ya baridi ya digrii 2 hadi 6, na ikitiwa dawa ya kawaida yaweza kukaa siku 35. Katika vituo vikubwa huigawanya: chembe nyekundu kwa mtu aliyepungukiwa na damu, yale maji ya rangi ya manjano kwa mtu aliyeungua au asiyegandisha damu, na zile chembe ndogo za kugandisha, ambazo hazidumu zaidi ya siku chache. Hivyo mtu mmoja aweza kuwasaidia wagonjwa watatu. Katika hospitali ndogo huitoa nzima kama ilivyo. Kabla ya kumpa mgonjwa huchanganya tone la damu hiyo na la mgonjwa, waone kama zinapatana. Juu ya mfuko huandikwa namba, kundi, siku ilipotolewa na siku ya mwisho wa kutumika. Kabila haliandikwi. Wala dini. Wala jina la ukoo.

Hupewa nani? Katika vijiji vya Katanga jibu li mlangoni. Hupewa mwanamke aliyetokwa na damu katika kuzaa. Hupewa mtoto mdogo ambaye malaria imekula damu yake mpaka viganja vimekuwa vyeupe, na mara nyingi huyo hana siku mbili za kungoja. Hupewa mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao watu wa Kongo huuita SS, ambaye pengine atahitaji damu mara nyingi katika maisha yake. Hupewa mchimbaji aliyepondwa na mawe. Mwaka 2004 huko Shinkolobwe udongo uliporomoka ukawafunika wachimbaji, baadhi yao wakafa. Na katika mashimo mengine ya Katanga jambo hilo limetukia mara nyingi tangu hapo.

Hiyo ndiyo njia yake. Sasa na lirudiwe neno la mkulima.

Watu wa nchi hizo walijua tangu kale desturi moja ya kutoa damu: undugu wa kuchanjiana. Watu wawili walichanja ngozi zao, wakaonjana damu, wakaapa. Toka siku hiyo kila mmoja alikuwa na haki juu ya mwenzake: haki ya kulala nyumbani mwake, ya kula chakula chake, ya kusaidiwa katika vita. Aliyevunja kiapo alilaaniwa. Ilikuwa desturi yenye heshima, nayo ilizuia mauaji mengi kati ya makabila. Lakini ilikuwa patano. Nilikupa, ukanipa, nakujua, wanijua. Mkulima huyu, bila kufikiri, aliichukua desturi hiyo mpaka hospitalini. Alidhani ametoa damu yake kwa mtu fulani, na kwamba damu hiyo imemfunga mtu huyo kwake. Kumbe alichokifanya ni kitu kingine, ambacho babu zake hawakuwa nacho, wala mababu wa Wazungu hawakuwa nacho.

Kanisa lafundisha kwamba mwili wa mtu si mali yake kama mbuzi au jembe. Uhai ni wa Mungu, naye mtu ni wakili. Kwa hiyo haruhusiwi kuuza viungo vyake. Lakini aweza kutoa sehemu ya mwili wake kwa ajili ya mwenzake, ikiwa hatari anayojitia haiupiti wema unaotafutwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yasema hivyo juu ya viungo, naye Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1995 juu ya uhai wa binadamu, aliwasifu watoao viungo kwa njia iliyo ya haki. Katika damu hatari ni ndogo mno, maana mwili huirudisha wenyewe. Basi mtoaji si mwuzaji, wala si mkopeshaji. Hakuna sheria inayomruhusu kufuata nyuma ya damu yake na kusema, huyu apewe, yule anyimwe. Mtu akitia senti katika kikapu cha sadaka Jumapili, haifuati senti yake ajue ilinunua mshumaa au chumvi ya maskini.

Hata hivyo mfano wa kikapu wadai jambo la pili, ambalo wahubiri wengine hulisahau. Waumini hawafuati senti zao, lakini wana haki ya kujua kwamba mwenye kutunza sanduku si mwizi. Vivyo hivyo mtoaji wa damu. Amepoteza haki ya kumchagua mtu. Hakupoteza haki ya kuambiwa kweli. Ana haki damu yake isiuzwe, isitupwe kwa uvivu, isiozeshwe katika friji isiyo na umeme kwa sababu mtu hakujali. Ana haki ya kuelezwa kwamba fedha anazotozwa mgonjwa, zikitozwa, ni gharama ya mfuko na dawa za kupimia na kazi ya wapimaji, si bei ya damu. Naye mtu wa hospitali anayeichukua damu iliyotolewa bure na kuiuza kwa siri mlangoni mwa wodi huiba mara mbili: humwibia mtoaji zawadi yake, na mgonjwa fedha zake. Kisha huiba mara ya tatu, maana kijiji kikisikia habari hiyo hakitatoa tena, na mtoto wa malaria wa mwaka ujao atakufa kwa ajili yake.

Mkulima angesema: Kama damu ina thamani hiyo, mbona mtoaji asilipwe? Wako maskini ambao wangefurahi. Swali hilo liliulizwa na wenye elimu pia. Mwaka 1970 Richard Titmuss, mwalimu wa chuo kikuu mjini London, alitoa kitabu akilinganisha Uingereza, ambako watu walitoa bure, na Marekani, ambako wengi walilipwa. Akasema kwamba damu iliyonunuliwa ilileta magonjwa zaidi. Sababu yake si ngumu kuelewa hata kwa mtu asiyesoma. Anayetoa kwa ajili ya fedha ana sababu ya kuficha ugonjwa wake. Akisema kweli atakosa chakula cha jioni. Hapo umaskini wake wenyewe unamjaribu aseme uongo, na uongo huo unaingia katika mshipa wa mtu mwingine. Mwaka 1975 mataifa yaliyokusanyika katika Shirika la Afya Duniani yalishauriwa kujenga huduma ya damu juu ya watu watoao kwa hiari yao na bila malipo.

Jambo hilo la ukweli lastahili kukaziwa, kwa kuwa katika Kongo lilileta machozi. Katika miaka ya 1980, mjini Kinshasa, watoto waliopungukiwa na damu kwa sababu ya malaria walipewa damu ambayo haikuchunguzwa, na baadhi yao wakapata virusi vya sida. Waliletwa hospitalini wapone. Dawa ya kuchunguza virusi hivyo katika damu ilipatikana mwaka 1985, nayo haikufika mara moja katika hospitali za nchi maskini. Siku hizi damu hupimwa. Lakini hata kipimo kilicho bora kina udhaifu wake: mtu aliyeambukizwa siku chache tu zilizopita pengine haonekani. Ndiyo sababu mwuguzi humwita mtoaji faraghani na kumwuliza maneno ya aibu, kama amelala na mwanamke asiye wake, kama amechanjwa kwa wembe wa watu wengi, kama amekuwa na manjano ya macho. Katika chumba hicho kidogo hakuna padre na hakuna stola, lakini uongo unaosemwa pale waweza kuua.

Basi kuna mapendo yanayoonekana kwa kutotoa. Kijana anayejua alikotoka Jumamosi usiku, naye amekuja pamoja na kundi la vijana wa parokia, na wote wanamtazama, anaona haya kurudi nyuma. Yampasa arudi nyuma. Aseme kichwa kinamwuma, au amwambie mwuguzi kwa siri kwamba damu yake isitumike. Machoni pa wenzake ataonekana mwoga. Huenda siku hiyo alifanya tendo gumu kuliko lao wote.

Wengine huuliza habari ya Mashahidi wa Yehova, ambao tangu mwaka 1945 wamefundisha kwamba kuongezewa damu ni dhambi; na katika Katanga mafundisho yaliyotoka kwao yana historia ndefu. Wanategemea maneno ya Torati yanayokataza kula damu, na shauri la Mitume lililo katika kitabu cha Matendo. Wakatekumeni wasiwadhihaki, maana wako waliokubali kufa kwa ajili ya neno wanaloliamini. Lakini Kanisa lajua kwamba katazo lile lilihusu chakula, nalo lilitolewa ili Wayahudi na mataifa waweze kuketi meza moja kwa amani. Torati yafundisha kwamba uhai wa kiumbe umo katika damu yake. Kama ni hivyo, kumpa mtu anayekufa kitu hicho hicho ni kuuheshimu uhai.

Limebaki lile lililo gumu, yaani kijana wa ukoo wa adui.

Huo si ugomvi wa shamba moja tu. Mwaka 1992 mji wa Likasi uliona jambo ambalo waliokuwapo hawapendi kulisimulia. Watu waliotoka Kasai, wengi wao wazaliwa wa mji huo huo, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na kampuni ya madini, walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walilala katika stesheni ya reli pamoja na watoto wao, majuma na miezi, wakingoja treni za kuwapeleka katika nchi ambayo wengine hawakuwa wameiona kamwe. Wengi walikufa, pale stesheni na njiani. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwa maji ya parokia zile zile. Walikuwa wamepiga magoti bega kwa bega kupokea Ekaristi. Yeyote atakayesema kwamba swali la damu ya nani iingie katika mwili wa nani ni swali la waganga tu, na akumbuke stesheni ile.

Katika mfano wa Msamaria mwema, Bwana Yezu alitaja kabila la yule aliyesaidia, na kazi za wale waliopita kando. Juu ya yule aliyelala njiani hakusema lolote, isipokuwa kwamba alikuwa mtu, naye alikuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Hana jina wala ukoo katika mfano wote. Tena, Msamaria hakukaa kando ya kitanda angoje kushukuriwa. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaenda zake. Na aliposema kwamba atarudi, alisema atarudi kulipa kilichopungua, hakusema kudai. Nao wenye haki watakaosimama mkono wa kuume siku ya hukumu watashangaa, kwa sababu hawakujua ni nani waliyempa chakula na maji. Kutojua kwao hakukupunguza tendo lao.

Hapo pana hatari ya kutia chumvi. Wako wanaosema kwamba mtoaji wa damu ni kama mfiadini, au kwamba damu yake huosha dhambi zake. Sivyo. Mfiadini hatoi mililita 450 na kupewa soda. Kutoa damu si sakramenti, wala hakumfupishii mkatekumeni siku zake za mafundisho. Ni tendo dogo. Lakini lina mfano mmoja na tendo lile lililo kubwa kuliko yote: Kristu naye alitoa damu yake bila kuwachagua wa kuipokea, na Mtakatifu Paulo akumbusha kwamba waliopokea walikuwa bado adui.

Kwa hiyo mkulima hakuibiwa. Alikosea juu ya kitu alichokitoa, wala si kosa la kumlaumu sana, kwa maana hakuna aliyemweleza kabla ya sindano. Hilo ndilo deni lao wenye hospitali kwake. Na liko jambo moja asilolihesabu katika hasira yake. Damu iliyomponya mkewe ilikuwamo katika friji kabla mkewe hajashikwa na uchungu. Kupima kundi na kuchunguza magonjwa huchukua muda. Mwanamke anayetokwa na damu hana muda. Mtu fulani, siku isiyojulikana, alikuja akatoa, naye hakuwa na mke hospitalini, au alikuwa na mgonjwa wake ambaye damu hiyo haikumfaa. Pengine alikuwa Mkasai. Pengine alikuwa wa ukoo ule ule wa shamba. Mkulima amekasirika kwa sababu damu yake imekwenda kwa asiyemtaka, naye hakasiriki kwamba damu ya asiyemjua imekuja kwake.

Tena chembe nyekundu hazidumu. Kila moja huishi siku 120 hivi, kisha hufa na mpya hushika mahali pake. Kabla ya mahindi ya pili kupandwa, ndani ya mwili wa kijana yule hakutabaki hata chembe moja ya mkulima, wala ndani ya mwanamke hakutabaki ya yule mgeni. Anayeogopa kwamba damu yake itamfanya ndugu wa adui, au kwamba itampa mchawi njia ya kumpata, hana la kuogopa.

Siku ya kumtoa mkewe, mkulima anakwenda katika chumba cha damu na kumwomba mwuguzi jina la yule aliyetoa, apate kumpelekea kuku. Mwuguzi anafungua daftari. Anamwonyesha mstari: namba, kundi O, tarehe. Jina analo, lakini halitolewi. Mkulima anautazama mstari ule kwa muda mrefu, ingawa hajui kusoma vizuri. Mwanamke amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, gari la kwenda Kapolowe linapiga honi barabarani. Anauliza baada ya muda gani mtu aweza kutoa tena. Mwuguzi anasema mwanamume miezi mitatu, mwanamke minne. Anahesabu kwa vidole. Itakuwa wakati wa kuvuna.